Sashiko na boro: Viraka vya wakulima wa Japani vilivyogeuka sanaa ya leo

Katika kumbi za maonyesho za New York, London na Tokyo, nguo zilizochakaa na kutiwa viraka juu ya viraka zimetundikwa ukutani na kumulikwa taa kama picha za wachoraji mashuhuri. Waliozishona walikuwa wake na mama wa wakulima na wavuvi wa kaskazini mwa Japani, watu maskini kiasi kwamba hata kipande cha pamba chenye ukubwa wa kiganja hakikutupwa. Walishona ili watoto wao wasife kwa baridi. Majina yao hayakuandikwa popote.

Makala haya yanaeleza sashiko na boro ni nini, zilianza vipi, na zimefikaje katika sanaa na mavazi ya wakati huu. Yanagusa pia swali linalozidi kuulizwa na wenye kuifahamu kazi hiyo: umaskini wa jana unapogeuka bidhaa ya thamani leo, nani anastahili kunufaika? Swali hilo lina uzi unaofika hadi eneo letu, kwa kuwa shirika moja la Kyoto linalowasaidia washonaji wa Japani limefanya kazi pia Uganda, Kongo na Burundi.

Maana ya majina

Neno sashiko linatokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kuchoma kwa ncha, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa "vichomo vidogo". Fundi cherehani yeyote wa kwetu angeutambua mshono wenyewe mara moja. Ni bandi, ule mshono mwepesi ambao sindano huzama na kuibuka katika mstari mmoja. Kwa fundi wetu bandi ni mshono wa muda: hushikiza vipande viwili kabla havijapita kwenye mashine, kisha hufumuliwa. Katika sashiko, bandi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hubaki juu ya nguo, huonekana, na ndiyo inayoipa nguo nguvu.

Boro nalo linatokana na neno boroboro, yaani kitu kilichochanika na kuchakaa. Ni jina la vazi, shuka au blanketi lililotengenezwa kwa kuunganisha matambara, likatiwa kiraka kila lilipotoboka, hata ikawa vigumu kujua nguo ya mwanzo ilikuwa ipi. Kwa hiyo sashiko ni namna ya kushona, ilhali boro ni kile kinachobaki baada ya familia moja kushona na kurudia kushona kwa vizazi kadhaa.

Aliyewahi kutazama mchezo wa judo amekwisha kumwona ndugu wa sashiko bila kujua. Kitambaa kizito cha sehemu ya juu ya vazi la judo, chenye vijinundu vinavyofanana na punje za mchele, hufumwa kwa kuuiga mshono huo, na kwa Kijapani huitwa kwa jina lilelile.

Baridi, katani na meli za mitumba

Pamba humea mahali penye joto. Sehemu ya kaskazini ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, hasa eneo ambalo leo ni mkoa wa Aomori, hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka, na pamba haistawi huko. Wakulima wake walivaa nguo za katani, yaani nyuzi zinazotolewa katika maganda ya mmea wa jamii ya bangi. Katani ni imara, lakini hupitisha upepo.

Kwa ugumu wa hali ya hewa kuliongezeka ugumu wa sheria. Katika enzi ya Edo, kuanzia mwaka 1603 hadi 1868, Japani ilikuwa imegawanyika katika maeneo yaliyotawaliwa na makabaila. Watawala wa Tsugaru, magharibi mwa Aomori ya leo, walitoa amri za kubana matumizi zilizowazuia wakulima kuvaa nguo za pamba. Wanawake wakatafuta njia. Walichukua nyuzi chache za pamba walizoweza kupata, wakazipitisha kwa sindano kati ya nyuzi za katani, mstari baada ya mstari, mpaka matundu yakazibika. Vazi likawa zito, likashika joto, na mabega yaliyochukua mizigo yakapata kinga. Mtindo huo huitwa kogin.

Upande wa mashariki, katika eneo la Nanbu, ulizuka mtindo wa hishizashi, na kusini zaidi, huko Shonai katika mkoa wa Yamagata, ukawepo mtindo wa tatu. Tofauti kati ya kogin na hishizashi iko katika hesabu: mshonaji wa kogin huhesabu nyuzi za kitambaa kwa idadi witiri, kama moja, tatu au tano, naye wa hishizashi huhesabu kwa idadi shufwa, kama mbili, nne au sita. Kutokana na hesabu hiyo tu, maumbo ya almasi ya kogin husimama wima na yale ya hishizashi hulala.

Matambara ya pamba yalifika kaskazini kwa bahari. Meli za kibiashara zilizojulikana kwa jina la Kitamaebune zilitoka Osaka na kupita Bahari ya Japani, na miongoni mwa shehena zake zilikuwamo nguo kuukuu za pamba kutoka mijini. Ilikuwa biashara ya mitumba kwa maana ile ile tuijuayo sisi. Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu wa mjini ilinunuliwa upya kijijini, ikavaliwa tena, kisha ikapasuliwa kuwa viraka, na mwisho ikasokotwa kuwa kamba.

Rangi ya nili ilitawala kazi hii kwa sababu ilipatikana kwa wingi na watu wa kawaida waliruhusiwa kuivaa. Ndiyo maana hadi leo mtu akitaja sashiko, wengi hufikiria uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva.

Namna kazi inavyofanyika

Vifaa ni vichache: sindano ndefu yenye tundu pana, uzi mnene wa pamba usiokazwa sana, na subana ambayo huvaliwa katikati ya kiganja badala ya ncha ya kidole. Mshonaji hachomi na kuvuta kila mara. Hukikunjakunja kitambaa juu ya sindano, akapitisha mishono mingi kwa mkupuo mmoja, ndipo akavuta uzi. Baada ya hapo hukilaza kitambaa na kukinyoosha kwa vidole, ili uzi ulegee kidogo na nguo isijikunyate. Hatua hiyo ya kunyoosha ndiyo inayopuuzwa na wengi wanaojifunza, na ndiyo inayofanya nguo ya fundi idumu.

Mishono ya juu hufanywa mirefu kidogo kuliko ya chini, na mstari unapofika kwenye kona, uzi huachwa ulegee upande wa nyuma. Mistari mingi inapokutana mahali pamoja, nafasi ndogo huachwa katikati ili nyuzi zisirundikane.

Michoro nayo ina majina na maana. Jani la katani, ambalo huonekana kama nyota yenye ncha sita, liliwekwa kwenye nguo za watoto wachanga, kwa kuwa mmea huo hukua haraka na kwa kunyooka. Kuna mawimbi ya bahari, kuna duara zinazopishana ambazo huhusishwa na hazina saba, na kuna mshono wa punje za mchele, ambao ni mchoro rahisi wenye vijistari vinavyopishana. Kwa watu ambao wengi wao hawakupewa nafasi ya kusoma, huo ulikuwa mwandiko wa dua.

Hata wazima moto wa miji ya zamani waliitegemea sashiko. Makoti yao yalikuwa ya matabaka kadhaa ya pamba yaliyoshonwa pamoja kwa mshono mzito, na kabla ya kuingia motoni yalilowekwa maji. Upande wa ndani ulichorwa mazimwi na mashujaa wa hadithi. Moto ulipozimwa, mzima moto aliligeuza koti lake na kutembea barabarani akiuonyesha upande huo.

Kutoka aibu hadi makumbusho

Mwaka 1891 reli kutoka Tokyo ilifika Aomori, na bidhaa za viwandani zikaanza kufika kwa urahisi. Pamba ikawa kitu cha kawaida, na sababu ya kujaza matundu ya katani ikatoweka. Ndani ya muda mfupi kogin ilikaribia kusahauliwa. Familia nyingi ziliziona nguo hizo kuwa ushahidi wa dhiki, zikazificha au kuzichoma.

Aliyeanza kuugeuza mtazamo huo alikuwa mwanafalsafa Yanagi Soetsu, aliyeishi kati ya mwaka 1889 na 1961. Yanagi na wenzake walianzisha harakati za mingei, jina walilolibuni katika miaka ya 1920 kwa maana ya ufundi wa watu wa kawaida. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa kweli hupatikana katika vyombo vya matumizi ya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasiojulikana kwa majina. Aliisifu kogin katika maandishi yake, na mwaka 1936 akafungua mjini Tokyo Jumba la Makumbusho la Ufundi wa Watu wa Japani, ambalo lingali wazi.

Boro ilichelewa zaidi kupata mtetezi. Alikuwa Tanaka Chuzaburo, mtafiti wa Aomori aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2013. Kwa miongo mingi alizunguka kijiji kwa kijiji akizungumza na wazee na kukusanya nguo ambazo wenyewe waliona haya kuzitoa. Katika mkusanyo wake, nguo 786 za sashiko za Tsugaru na Nanbu zimetambuliwa na serikali ya Japani kuwa urithi muhimu wa utamaduni wa watu. Mwongozaji wa filamu Kurosawa Akira aliazima nguo kutoka kwake kwa ajili ya filamu yake ya mwaka 1990 iitwayo "Dreams". Kuanzia mwaka 2009 hadi 2019, sehemu ya mkusanyo huo ilionyeshwa katika jumba la Amuse mtaani Asakusa, Tokyo, ambako wageni waliruhusiwa hata kuzigusa baadhi ya nguo.

Miongoni mwa vitu alivyovieleza Tanaka ni shuka la viraka ambalo wanawake walijifungulia. Liliunganishwa kwa vipande vya nguo za wazee wa ukoo, ili mtoto apokelewe na waliomtangulia.

Kwenye jukwaa la mavazi na katika kumbi za sanaa

Safari ya kwenda katika sanaa ya leo ilipitia kwa wabunifu wa mavazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Issey Miyake, mzaliwa wa Hiroshima aliyefariki mwaka 2022, alitumia kitambaa cha sashiko katika mavazi aliyowaonyesha watazamaji wa nje ya Japani. Miaka kumi baadaye, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walifika Paris na nguo nyeusi, zenye matundu na pindo zisizomalizwa. Baadhi ya waandishi wa habari walizikejeli kuwa nguo za ombaomba. Wengine walitambua kwamba wabunifu hao walikuwa wanauliza nani aliyeamua kwamba nguo nzuri lazima iwe mpya na isiyo na kovu.

Katika sanaa ya vitambaa, jina lisiloweza kurukwa ni Reiko Sudo, aliyezaliwa mwaka 1953 katika mkoa wa Ibaraki. Mwaka 1984 alishirikiana na Junichi Arai, fundi wa ufumaji kutoka mji wa Kiryu, kuanzisha kampuni ya Nuno, neno ambalo maana yake ni "kitambaa" tu. Arai aliondoka baada ya miaka michache, naye Sudo ameiongoza tangu hapo. Kazi za Nuno zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya vitambaa vya Japani yaliyofanyika mwaka 1998 katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na mwaka 2021 kampuni hiyo ilipewa maonyesho yake katika Japan House mjini London.

Sudo hachukui mchoro wa zamani na kuunakili. Anachorithi ni kanuni ya kutotupa. Moja ya vitambaa vyake hutengenezwa kwa mabaki ya vitambaa vingine vya Nuno, ambayo hupangwa juu ya kitambaa cha muda na kushonwa kwa mashine, kisha kitambaa hicho cha muda huyeyushwa kwa maji na viraka vikabaki vimeshikana vyenyewe. Katika mji wa Tsuruoka, Yamagata, alifanya kazi na wafumaji kutumia kibiso, ganda gumu la nje la kifukofuko cha nondo wa hariri, ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa taka.

Boro zenyewe nazo zilisafiri. Mwaka 2014 zilionyeshwa katika Somerset House mjini London, na mwaka 2020 taasisi ya Japan Society ya New York ikaandaa maonyesho yaliyoweka boro za wakulima bega kwa bega na kazi za wabunifu wa wakati huu.

Jambo hili si geni kabisa barani Afrika. Katika eneo la Kasai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Wakuba wamekuwa wakitengeneza sketi ndefu za ukindu wa mwale zilizobandikwa vipande vya maumbo mbalimbali. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vipande hivyo vilianza kama viraka vya kuziba matundu yaliyotokea nguo ilipotwangwa ili ilainike, kisha vikawa pambo lenye kanuni zake. Wakuba na wakulima wa Aomori hawakuonana. Kila mmoja alifika kwenye uzuri kwa njia ya tundu lililohitaji kuzibwa.

Kutoka Gulu hadi Otsuchi

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na tsunami viliipiga pwani ya kaskazini mashariki ya Japani. Katika mji mdogo wa Otsuchi, mkoani Iwate, zaidi ya watu 1,200 walikufa au kutoweka, akiwemo meya. Walionusurika walilala kwenye sakafu za kumbi za mikutano na shule. Wanaume wengi walipata kazi ya kuondoa vifusi. Wanawake, hasa wazee, walikaa siku nzima bila la kufanya, huku mawazo yakiwarudisha kwa waliopotea.

Mwaka huo huo ulianza mradi wa sashiko wa kuufufua mji wa Otsuchi. Sababu ya kuchagua sashiko ilikuwa rahisi: mtu anahitaji sindano, uzi, kitambaa na nafasi ya kukaa, basi. Walianza na vitu vidogo kama vitambaa vya kufutia vyombo na vya kuwekea vikombe, wakalipwa kwa kazi yao.

Shirika lililobeba mradi huo ni Terra Renaissance, lenye makao yake Kyoto, lililoanzishwa mwaka 2001. Kabla ya tsunami lilikuwa tayari limezoea kazi ya kuwarudishia watu maisha. Tangu mwaka 2005 liliendesha kituo mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa ajili ya vijana waliotekwa utotoni na kulazimishwa kupigana katika kundi la waasi la LRA. Miongoni mwa stadi walizofundishwa ilikuwa ushonaji. Shirika hilo limefanya kazi pia mashariki mwa Kongo na nchini Burundi. Hali ya msichana aliyetoka msituni akiwa na mtoto mgongoni na ile ya bibi aliyepoteza nyumba baharini hazilingani. Kinachofanana ni wazo kwamba mtu anapopata kazi ya mikono yenye malipo, anapata pia sababu ya kuamka asubuhi, na watu wa kukaa nao.

Washonaji wa Otsuchi hawakubaki kwenye vitambaa vya jikoni. Chapa ya mavazi ya KUON ya Tokyo ilianza kuwapa kazi za kushona juu ya makoti na suruali, na mwaka 2024 baadhi yao walitambulishwa kwa jina la Sashiko Gals. Wanawake hao, baadhi yao wenye umri wa bibi, hushona viatu vya michezo kwa mkono hadi vikajaa viraka na mishono, na vimepata wateja mbali na Japani.

Nani anufaike?

Umaarufu huu umeleta mvutano. Boro halisi sasa hununuliwa na wakusanyaji kwa bei ambayo mshonaji wake asingeiamini, lakini hakuna njia ya kumfikishia chochote. Viwanda huchapa michoro ya sashiko juu ya vitambaa kwa mashine, na suruali za jinzi hutobolewa kwa makusudi ili zitiwe viraka vya mapambo. Katika Ulaya na Marekani, watu wengi wamejifunza mshono huo kama njia ya kurefusha maisha ya nguo zao na kupunguza taka. Hilo ni jambo jema, na Wajapani wengi hulifurahia. Wengine huonya kwamba mchoro ukitengwa na historia yake, watu watakumbuka buluu na nyeupe na kuisahau baridi, amri za makabaila na kazi ya wanawake.

Upande wa pili una hoja yake pia. Ufundi ambao haununuliwi na mtu yeyote hufa pamoja na wazee wake, kama kogin ilivyokaribia kufa baada ya reli kufika. Harakati za mingei zenyewe ziliwasifu mafundi wasio na majina, na kwa sifa hiyo zikawaacha bila majina. Otsuchi imechukua njia nyingine: washonaji wanajulikana, wanapigwa picha, na wanalipwa wakiwa hai.

Haba na haba hujaza kibaba, na katika kushona methali hiyo ina uzito wake halisi. Kiatu kimoja huchukua saa nyingi, na mikono inayoweza kukifanya vizuri ni michache. Sharti la kazi hiyo kuendelea ni kwamba binti wa Otsuchi anayetafuta ajira aone kuwa malipo ya sindano yanatosha kumfanya abaki mjini kwao. Jibu la hilo litategemea zaidi bei ambayo wanunuzi watakubali kulipa kuliko sifa wanazozitoa kwenye maonyesho.